Marathoni kila siku kwa mwaka mzima: kikomo kiko tumboni

Tarehe 28 Agosti 2022, Hugo Farias, Mbrazili aliyekuwa ameacha kazi yake katika kampuni ya teknolojia, alikimbia marathoni. Kesho yake akakimbia nyingine, na kesho kutwa nyingine tena. Hakupumzika Jumapili wala sikukuu, na mvua haikumzuia, mpaka ilipofika tarehe 28 Agosti 2023. Zilikuwa marathoni 366, zaidi ya kilomita 15,400. Aliyemtia hamasa ni Mbelgiji Stefaan Engels, aliyemaliza marathoni yake ya 365 mjini Barcelona tarehe 5 Februari 2011. Baada ya Engels alikuja Mhispania Ricardo Abad, akaendelea mpaka siku 607. Mwaka 2024 Hilde Dosogne, Mbelgiji mwenye watoto wanne na umri wa miaka 55, akawa mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni kila siku ya mwaka.

Watu wakisikia habari hizi huuliza kwanza kuhusu moyo. Je, hautapasuka? Farias mwenyewe alilijua swali hilo, akajikabidhi kwa watafiti wa InCor, taasisi ya moyo ya Chuo Kikuu cha São Paulo. Mwaka mzima walimpima kwenye mashine ya kukimbilia, wakapiga picha za moyo wake, wakapima damu yake kutafuta troponini, protini inayomwagika kwenye damu misuli ya moyo inapoumia. Hawakukuta dalili ya moyo kudhurika. Ni mtu mmoja tu, na aliingia akiwa na afya na mazoezi ya kutosha, kwa hiyo haifai kumtumia kuwapa wengine ruhusa. Hata hivyo sababu iliyotolewa na madaktari inaeleweka: Farias hakukimbia kwa kasi kubwa. Alikwenda mwendo wa wastani, mapigo ya moyo yakiwa chini ya kiwango kinachoutesa moyo.

Hapa ndipo tunapopaswa kuacha kuwalinganisha watu hawa na mabingwa wetu. Eliud Kipchoge, aliyejifua Kaptagat huko Kenya, katika miaka ya ubingwa wake alikuwa akikimbia takriban kilomita 200 au zaidi kidogo kwa wiki, na marathoni za mashindano hazikuzidi mbili au tatu kwa mwaka. Anayekimbia marathoni kila siku anafikisha kilomita 295 kwa wiki. Kwa umbali, basi, Farias alimzidi Kipchoge. Kwa kasi hawakaribiani hata kidogo. Bingwa anayekimbia kilomita 42 kwa saa mbili na dakika chache anatumia karibu uwezo wake wote, anaimaliza glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, na misuli yake inabaki na michubuko midogo inayotaka siku nyingi kupona. Anayetumia saa nne anachoma mafuta zaidi na wanga kidogo, na misuli yake ikishazoea, kila siku inaumia kidogo kuliko ilivyoumia mwanzoni.

Kwa hiyo moyo unaweza kuhimili, na misuli huzoea. Mimi nimevutiwa zaidi na kitu ambacho watu hawakiulizi: chakula. Tukiifuata hesabu ya chakula tunafika mahali ambapo sayansi ya miaka ya karibuni imegundua jambo kubwa kuhusu mwili wa binadamu, na sehemu ya ugunduzi huo ilifanyika hapa Tanzania.

Mchukue mtu wa kilo 65. Akilala kitandani mchana na usiku bila kufanya lolote, mwili wake bado unatumia takriban kalori 1,600 kwa siku kuendesha moyo, ubongo, ini, figo na joto. Tuiite nishati ya msingi. Kukimbia kunagharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita, kwa hiyo marathoni moja itamla kama kalori 2,700. Ongeza kutembea, kupika, kuoga na kupanda ngazi, na siku yake itapita kalori 5,000. Sasa ajaze pengo hilo kwa kula. Kalori 4,000 peke yake ni zaidi ya kilo moja ya unga mkavu wa mahindi, usongwe na uliwe wote kabla ya kulala, na kesho vilevile.

Januari 2015 kundi la wakimbiaji liliondoka pwani ya California kuelekea Washington, upande wa pili wa Marekani. Walikimbia karibu marathoni moja kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa muda wa wiki 20, umbali wa karibu kilomita 5,000. Watafiti, miongoni mwao Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, waliwaomba baadhi yao wanywe maji ya aina yake na kutoa mkojo kwenye vichupa.

Maji hayo huwezi kuyatofautisha na ya bombani kwa macho wala kwa ulimi. Tofauti iko kwenye atomu: sehemu ya haidrojeni yake ni deuteri, iliyo nzito mara mbili ya ile ya kawaida, na sehemu ya oksijeni yake ni oksijeni-18, nayo ni nzito kuliko kawaida. Mtu akiyanywa yanachanganyika na maji yote ya mwili. Deuteri hutoka kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni-18 hutoka kwa njia hizo hizo, lakini ina mlango wa ziada, kwa sababu huingia pia kwenye kabonidioksaidi tunayoitoa puani. Ndiyo maana hupungua mwilini haraka zaidi. Ukipima mkojo wa leo, wa kesho kutwa na wa wiki ijayo, tofauti ya kasi kati ya atomu hizo mbili inakuambia mtu ametoa kabonidioksaidi kiasi gani, na ukijua hiyo unajua amechoma kalori ngapi. Nathan Lifson wa Minnesota aliibuni njia hii kwa wanyama katika miaka ya 1950, lakini maji yalikuwa ghali mno hata ikabidi kungoja mpaka 1982 ndipo ikatumika kwa binadamu. Uzuri wake ni kwamba mkimbiaji haghasiwi. Hafungiwi chumbani wala havalishwi barakoa. Anakimbia zake, na kichupa kinasimulia.

Kichupa kilisimulia mambo mawili. La kwanza ni kwamba mwishoni mwa safari wakimbiaji walikuwa wanachoma takriban kalori 600 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa umbali waliokuwa wanakimbia. Barabara ilikuwa ileile na kazi ileile, ila mwili ulikuwa umepunguza matumizi mahali pengine. La pili lilipatikana pale watafiti walipoziweka takwimu hizo pamoja na za waendesha baiskeli wa Tour de France, watembeaji wa ncha ya kaskazini na wanariadha wengine. Kadiri shughuli inavyochukua siku nyingi, ndivyo kiwango ambacho mtu anaweza kukidumisha kinavyoshuka. Kwa wiki chache mtu anaweza kutumia mara nne au tano ya nishati yake ya msingi. Kwa miezi, mstari unashuka na kutulia karibu na mara 2.5. Ukizidi hapo unakula mwili wako mwenyewe, kwanza mafuta na baadaye misuli. Maelezo ya watafiti, yaliyochapishwa mwaka 2019, ni kwamba kizuizi kiko kwenye utumbo, ambao hauwezi kumeng'enya na kufyonza zaidi ya hapo siku baada ya siku, hata meza ikijaa.

Kwa yule mtu wetu wa kilo 65, mara 2.5 ni kalori 4,000. Toa 2,700 za marathoni, zinabaki 1,300, na saa 20 za kulala tu bila kujigeuza zinahitaji karibu hizo hizo. Hakuna kinachobaki cha kutembea wala cha kupambana na mafua. Mwaka 2025 utafiti mwingine uliwafuatilia wanamichezo 14 wa mbio na mashindano marefu mno, wakimbiaji na waendesha baiskeli wakiwamo. Kwa siku chache za mashindano baadhi yao walipanda mpaka mara sita au saba. Ilipochukuliwa wastani wa wiki 52, wakashuka mpaka mara 2.4.

Katika takwimu za 2019 kuna jambo moja ambalo ningependa lijulikane kila kijiji. Mama mjamzito, miezi ya mwisho, hufikia karibu mara 2.2 ya nishati yake ya msingi. Yuko hatua chache chini ya wanaokatiza Marekani kwa miguu, na yeye anateka maji, anapika na kulima.

Kabla ya mbio hizo za Marekani, Pontzer alikuwa amekwenda na maji yale yale kwa Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi. Ni watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kula ubuyu na kurina asali. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu sita. Kila mtu alitarajia wangekutwa wanachoma kalori nyingi kuliko Wamarekani wanaoshinda wamekaa. Matokeo ya mwaka 2012 yalionyesha vingine: ukizingatia uzito wa mwili, matumizi yao kwa siku hayakutofautiana. Mwili wa Mhadzabe umepanga bajeti kama mama mwenye kipato kilekile kila mwezi. Ada ya shule ikipanda, haombi mkopo, anapunguza kwenye nguo na sherehe.

Mwili nao una vya kupunguza. Pontzer anaona kwamba sehemu ya upunguzaji huo ni jambo jema: mwili unaofanya kazi unapunguza uvimbe wa ndani kwa ndani usio na sababu, na huenda hiyo ni njia mojawapo mazoezi yanavyotulinda na maradhi. Mkato ukizidi, panapoguswa ni penye umuhimu. Homoni za uzazi hushuka. Wanawake hukosa hedhi, wanaume hupungukiwa testosteroni. Kinga hulegea. Mfupa nao hudai haki yake. Kila mguu unapotua unabeba uzito wa mwili mara mbili hadi tatu, na marathoni moja ina makumi ya maelfu ya hatua. Nyufa ndogo ndogo hutokea, na mfupa huzitengeneza kwa kuchimba sehemu iliyochoka na kujenga upya. Kuchimba huchukua wiki, kujenga huchukua miezi. Ikiwa chakula hakitoshi na homoni zimeshuka, wajenzi hawafiki kwa wakati, na ufa unakua. Engels mwenyewe alianza Januari 2010, akaumia mguu, akalazimika kutumia baiskeli ya mikono, kisha akafuta hesabu na kuanza upya mwezi Februari.

Ndiyo maana naamini tunawasifu watu hawa kwa jambo lisilo sahihi. Utashi wao ni mkubwa, hilo halina ubishi, lakini kilichowafikisha ni mwendo wa polepole na tumbo lililoweza kupokea chakula kingi mwaka mzima.

Nawaomba walimu wa michezo na makocha walibebe hili mpaka uwanjani. Kijana anayekimbia asubuhi na jioni huku anakula mlo mmoja anaulaza mfupa wake njaa. Mpeni uji kabla na chakula kamili baada. Msichana aliyekosa hedhi miezi mitatu asipongezwe kwa wepesi wake. Apelekwe hospitali na aongezewe chakula. Maumivu ya muundi yanayokaa sehemu moja, yanayouma hata ukipumzika, yasipuuzwe: simama, ukapimwe. Na wewe unayetaka kuanza mwaka wako wa kukimbia, anza na kilomita mbili au tatu, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, na uipe miguu siku ya kupumzika kila wiki.