Eastlands, Upande wa Nairobi Unaofua Bati

Mtanzania anayeshuka basi la Dar es Salaam mjini Nairobi ana ratiba yake tayari. Mwenyeji wake humpeleka Westlands akaone maghorofa, kesho yake Lang'ata akalishe twiga, na mgeni hurudi nyumbani akiapa kwamba Nairobi ameimaliza. Safari hii nilimkwepa shemeji yangu nikashika njia ya mashariki kwa miguu. Nilivuka stendi ya mabasi ya Machakos, ambayo wenyeji kwa utani huiita Airport, na kabla sijaona kitu nikasikia nyundo. Si moja wala kumi, ni mamia, kila moja na mdundo wake, na hakuna inayomsubiri mwenzake. Hapo ndipo Kamukunji, mlango wa Eastlands.

Eastlands si mtaa mmoja. Ni mitaa kadhaa iliyofuatana, kuanzia Pumwani na Gikomba karibu na katikati ya jiji hadi Kayole na Dandora huko nje. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwaka 1899, kila jamii ilipangiwa upande wake. Wazungu walijichagulia vilima vya magharibi vyenye miti na hewa safi, Wahindi wakakaa Ngara na Parklands, Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare la udongo mweusi unaong'ang'ania kiatu mvua ikinyesha. Alitakiwa alale huko tu. Kazi alitakiwa akaifanye kwa wengine, kwenye karakana za reli na viwandani.

Majina ya mitaa hii yatamfanya msomaji wa kwetu ajione yuko nyumbani. Kuna Kaloleni, kama Arusha. Kuna Shauri Moyo, kama Unguja. Kuna Majengo, na ni mji gani wetu usio na Majengo? Kariokor ni ndugu wa damu wa Kariakoo yetu: yote mawili yanatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo soko la Kariokor linauza vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma.

Pumwani ndiyo kongwe, ya miaka ya 1920 mwanzoni. Ilianza na nyumba za miti na udongo zenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ramani ambayo mtu wa Ilala ataijua akiwa amefumba macho. Waislamu wa makabila mengi walikutana hapo, na Kiswahili kikawa lugha ya ua mmoja. Kaloleni ilifuata miaka ya 1940, nyumba za mawe zenye vigae vyekundu na viwanja vya majani, na mikono iliyoijenga inasemekana ni ya mateka wa vita wa Kiitaliano. Mitaa ya Mbotela na Ofafa ina majina ya wanasiasa waliouawa wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, Tom Mbotela mwaka 1952 na Ambrose Ofafa mwaka uliofuata. Buruburu, ya miaka ya 1970, ilijengewa tabaka la kati. Siku hizi inajulikana zaidi kwa matatu zake za namba 58, ambazo michoro na muziki wake vingeweza kulipiwa kiingilio.

Lakini mimi nilifuata nyundo.

Kamukunji wanafua bati. Pipa la mafuta lililokwisha kazi hupasuliwa kwa tindo, hunyooshwa, kisha hukatwa. Kipande cha reli ndicho fuawe. Hapo hutoka karai, toroli, sufuria, na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni, yale sisi tunayaita tranka, ambayo Januari hupangwa hadi yakaziba njia. Nilisimama mbele ya mzee mmoja aliyekuwa akifunga mguu wa jiko kwa ribiti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Alisimamisha nyundo, akacheka hadi jirani zake wakageuka.

"Wewe ni wa TZ," alisema. "Hiyo shikamoo sisi tuliiacha shuleni."

Jiko lile lina historia inayotuhusu. Zamani jiko la makaa lilikuwa bati tupu, na nusu ya moto ilipotelea ubavuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa nishati walioyaona majiko ya ndoo ya Thailand walikaa na mafundi wa Shauri Moyo, wakatengeneza lenye kiuno chembamba. Nusu ya juu hukaa bakuli la udongo uliochomwa lenye matundu chini, limeshikizwa kwa saruji. Nusu ya chini hudondokea majivu. Linakula makaa machache, na haliunguzi mguu wa mtoto anayepita kama lile la zamani. Kutoka mabanda haya lilisambaa Kenya nzima, likavuka mipaka. Jiko la udongo lililoko jikoni kwako Mbagala huenda babu yake ni Mshauri Moyo.

"Hili ni mia sita," mzee aliniambia. "Lakini umenisalimia vizuri, kijana wangu, leta mia tano." Sikumbuki shikamoo nyingine iliyowahi kunilipa.

Mafundi hawa walifanya kazi juani kwa miaka mingi, ndipo jina la jua kali likawaganda. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea na kuahidi mabanda. Mabanda yalikuja, jina halikuondoka, na leo jua kali ni neno la serikali linalomaanisha kila fundi mdogo. Uwanja wa jirani una tarehe inayofanana na yetu. Sisi Saba Saba ni maonyesho ya biashara. Kwa mtu wa Nairobi ni tarehe 7 Julai 1990, siku ya mkutano wa kudai vyama vingi hapo Kamukunji ambao polisi waliuvunja kwa nguvu.

Ng'ambo kidogo ni Gikomba, soko la mitumba, samaki na mbao kandokando ya Mto Nairobi. Robota likifunguliwa, nguo safi kabisa huitwa kamera, na masalia ya mwisho ni fagia. Baina yake wako mafundi cherehani wanaoibana suruali ya Mzungu mnene hadi imkae kijana wa mtaa wa Umoja. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba. Marekani ikatishia kufunga soko la AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kwake bila ushuru, na Kenya ikajitoa mapema. Ukiiona Gikomba saa kumi na mbili asubuhi utaelewa kwa nini. Kinachoitisha zaidi ni moto. Juni 2018 uliua watu 15, na haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Wachuuzi wengi hawaamini kwamba ni nyaya za umeme. Wanaamini kuna anayeitaka ardhi.

Huko nje zaidi, Kariobangi wanatengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Dandora, mtaa uliopimwa viwanja kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, umebebeshwa jaa la taka la jiji zima, lililotangazwa kujaa mwaka 2001 na bado malori yanamwaga. Wapo wanaoishi kwa kuchambua plastiki na chuma humo, na sehemu ya chuma hicho hurudi mjini kufuliwa upya. Sioni sababu ya kuisifia kazi hiyo. Moshi wa jaa hilo unaingia madarasani.

Wewe mwenye duka la vyombo Kariakoo, ukienda Nairobi kununua mali usiishie River Road kwa wachuuzi wa kati. Vuka stendi ya Machakos asubuhi, ununue kwa aliyeshika nyundo. Na usisahau kuamkia.