Kipandauso cha Mtoto na Joto la Vidole

Mtoto wa askari anaposhika kichwa asubuhi ya shule, akatapika na kuukimbia mwanga wa dirisha, aghalabu huambiwa kuwa anatafuta kisingizio. Sisi tunaoishi katika kota za kambi tumeyasikia maneno hayo, na mara nyingine fimbo imefuata. Kipandauso si uvivu. Ni maradhi, nayo huwapata hata watoto wadogo, na wasiwasi huyachochea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Taasisi ya Menninger mjini Topeka, Marekani, Dakta Joseph Sargent na wenzake Elmer Green na Dale Walters waliwafunza wagonjwa wa kipandauso kuipasha joto mikono yao wenyewe pasipo moto wala dawa. Huo si uganga. Mtu akiingiwa na hofu, mishipa midogo ya damu vidoleni hujibana na mikono hupoa; akitulia, mishipa hufunguka na joto hurudi. Basi mtoto hufungwa kipimajoto kidogo kidoleni, akaketi akiitazama namba. Huvuta pumzi polepole, hulegeza mabega, huwaza mchanga uliopigwa na jua. Namba ikipanda, hata kwa nusu digrii, ajua kuwa mwili umemsikia. Baada ya mazoezi ya wiki kadhaa aweza kufanya hivyo darasani bila chombo chochote. Tiba hiyo huitwa bayofidibaki, na watoto huishika upesi, labda kwa kuwa huiona mchezo.

Askari asishangae: katika uwanja wa shabaha sote tulifundishwa kutuliza pumzi kabla ya kufyatua risasi.

Wala vidonge pekee si jibu. Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusu watoto na vijana 361 wenye umri wa miaka 8 hadi 17. Amitriptilini na topirameti, dawa zilizokuwa zikitegemewa kuzuia kipandauso, hazikushinda kidonge kisicho na dawa ndani yake.

Hata hivyo, kichwa kinachoambatana na homa, shingo kukakamaa au degedege kipelekwe hospitali mara moja. Malaria na homa ya uti wa mgongo hazingoji mazoezi.

Na baba asimsimamie mtoto kama yuko gwaride, akimwamuru apandishe namba. Mtoto akijikaza ili atii, mkono huzidi kupoa.