Mti wa Wagenia haupigwi misumari

Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi sisi watu wa Kabondo tunauliza mambo matatu: barabara imekatika wapi, umeme kuko ao hakuna, na mto umepanda namna gani. Safari hii ni hilo la tatu lilinishusha mpaka kwa Wagenia. Kijana mmoja tuliyechimba naye almasi alinipigia simu: "Yaya, maji ilibeba miti tatu. Papa anaita batu. Kuya na bale bachimbaji yako."

Kwa ndugu walio mbali, kwenye mashimo ya Banalia na Bafwasende, wenye watoto waliozaliwa huko na hawajaona, nieleze kidogo. Mto Kongo ukitoka Ubundu unaanguka mara saba kabla ya kufika kwetu, karibu kilomita mia moja ya mawe na povu. Ndiyo maporomoko ya Boyoma. Wabeleji walishindwa kupitisha mashua pale, ndiyo maana wakajenga reli ya kilomita 125 kuzunguka, ikamalizika 1906. Wagenia wao hawakuzunguka. Waliingia ndani ya poromoko la mwisho, hili la hapa mjini, wakajenga juu yake.

Ndani ya mawe yale kuko mashimo. Hakuna mtu aliyapiga kwa chuma, maji yenyewe ndiyo ilichimba, kwa kuzunguka miaka na miaka. (Mchimbaji akiona lile jiwe anasikia haya kidogo.) Wagenia wanasimamisha miti mikubwa ndani ya mashimo hayo, mitatu mitatu, vichwa vinakutana juu. Miti mingine inalazwa kati yake, na watu wanatembea juu yake kama njia, maji inanguruma chini ya nyayo. Kutoka pale wanashusha vikapu virefu sana, vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Mkondo unamsukuma samaki ndani, na nguvu ile ile iliyomwingiza inamkataza kugeuka. Mara mbili kwa siku wanapandisha kikapu na kutazama. Samaki mdogo amekwisha kupita katikati ya fito, ameenda zake. Mkubwa tu ndiye anabaki.

Stanley alipofika hapa Januari 1877 alikuta kazi hii iko tayari, akaandika habari ya miti, ya vikapu na ya kamba za msitu zilizovishika. Tippu Tip naye akaikuta. Mji ukaitwa Stanleyville, kisha 1966 ukarudia jina la Kisangani, na ile miti ikaendelea kusimama pale pale. Lakini hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wageni wanaopiga picha wanafikiri miti wanayoiona ni ya zamani. Hapana. Mti unaoza, mto unapanda na kuubeba, mwingine unakatwa. Hakuna mti hata mmoja pale ambao Stanley aliuona. Kitu cha zamani pale ni mkono unaojua kuusimamisha.

Nilipoanza kusema maneno haya kwenye mkutano wa sindikati, mwenzetu mmoja alicheka: hayo ni mambo ya makumbusho, sisi tuko na shida ya bei ya almasi. Nikamjibu kwa habari ya Uholanzi. Kule wako na vinu vya upepo, nyumba ndefu zenye mabawa makubwa ya mbao, zilizokuwa zinasaga ngano na kuvuta maji kwenye mashamba. Mashine za mafuta na za umeme zikaja, vinu vikanyamaza. 1997 UNESCO iliandika vile 19 vya Kinderdijk kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wakalinda majengo, vizuri. Lakini kinu kisichozunguka kinaharibika, unyevu na wadudu wanakula mbao, na siku bawa linavunjika unatafuta nani anajua kulirudisha. Basi 2017 UNESCO ikaandika kitu kingine: si kinu tena, ni kazi ya mtu anayekiendesha na kukitunza. Na wengi wa watu hao hawalipwi. Ni watu wa kujitolea, wanaojifunza kwa mafundi na kwa wenzao waliotangulia. Ilichukua miaka 20 kati ya karatasi ya kwanza na ya pili. Sisi rumba yetu iliandikwa 2021, tukacheza usiku mzima, ni sawa. Ila rumba haibebwi na mafuriko.

Turudi mtoni. Maji iliposhuka, Jumamosi tukaenda watu kumi na mmoja wa sindikati, wengine wachimbaji wa almasi, wengine wa dhahabu, na mmoja aliacha shimo akawa mtu wa toleka, anabeba watu kwa kinga. Mama zetu watatu wakabeba sufuria, ndizi za lituma, na chumvi. Tulifikiri tunaenda kutoa nguvu tu. Nguvu tulikuwa nayo. Akili ya kazi ile hatukuwa nayo.

Miti ilikuwa imeletwa kwa mtumbwi. Zamani, mzee wa kazi aliniambia, mti kama huu ulikatwa karibu. Leo, kwa sababu ya makala na mashamba, wanaufuata mbali, na kila siku ya safari ni siku ya kula. Mti tuliopewa sisi ulibebwa na watu tisa, juu ya mawe yenye kuteleza. Mimi nilianguka mara mbili. Vijana wa Kigenia walicheka, halafu mmoja akanionyesha namna ya kuweka mguu: si kisigino kwanza, vidole kwanza, halafu unasubiri jiwe likukubali.

Kusimamisha ndiko kulichukua siku. Mzee alikaa juu ya jiwe, fimbo mkononi, hakupaza sauti hata mara moja pamoja na makelele yote ya maji. Alikuwa anainua fimbo tu. Mti wa kwanza ukaingia shimoni, ukakataa, ukatolewa, wakachonga kitako chake kwa shoka, ukarudishwa. Mara tatu. Mimi ningekwisha kupiga kabari na kuendelea. Mwenzangu mmoja, fundi mzuri wa mashimo, akaona wanachelewa, akatoa misumari mirefu kwenye mfuko wake, akapigilia mmoja kwenye maungano. Mzee akainua fimbo. Akaja mwenyewe, akautoa ule msumari, akamrudishia kwa mkono, na heshima yote.

"Mutoto yangu," akasema, "musumari unashika muti kwa nguvu. Maji nayo iko na nguvu. Nguvu mbili zikikutana, muti ndio unapasuka. Kekele inaacha muti utikisike kidogo. Maji inachoka."

Kekele ni ile kamba ya msituni tunayoijua wote, ya kufuma viti. Wanaichana, wanailoweka, wanaizungusha kwenye miti mara nyingi na kuikaza kwa mguu. Ndugu yetu wa misumari alikaa karibu na mzee mchana wote, anafunga, mzee anafungua, anafunga tena. Jioni fundo lake moja likaachwa. Hakusema kitu, lakini njiani kurudi Kabondo alikuwa anatazama viganja vyake.

Sasa niseme sababu ya kweli iliyonipeleka pale, maana si samaki.

Miaka iliyopita nilifanya kazi kwenye shimo moja, silitaji. PDG wa shimo alikataa kununua miti ya kushikilia udongo. Alisema udongo ni mgumu, na pesa ya miti ni pesa ya kutupa. Ulianguka saa nane ya mchana. Mwenzetu mmoja alibaki chini, tukamtoa kesho yake. Bibi yake ndiye alikuwa anapika chakula chetu pale juu. Hakuna mtu alimwambia. Alitusikia tunanyamaza, akaweka mwiko chini.

Shimo la jirani, hatua thelathini tu, halikuanguka. Kule walikuwa wameweka miti, na aliyeifunga ni huyu kijana Mgenia aliyenipigia simu, kwa kekele, kama alivyoona kwa baba yake. Nilishuka kuiangalia. Udongo ulikuwa umesukuma, miti ilikuwa imepinda kama upinde, lakini fundo hata moja halikuachia. Nikamuuliza wanamlipa ngapi kwa kazi ile. Akasema hakuna, ni kusaidia tu, analipwa kwa udongo anaotoa kama wengine.

Ndiyo siku niliyoingia kwenye sindikati.

Kijana yule leo ana bibi na watoto watatu. Tulikaa juu ya jiwe tukila lituma, nikamuuliza kama atabaki na baba yake. Alitazama mto muda mrefu. "Yaya, hapa napata samaki siku moja, siku mbili sipati. Kule kwa shimo napata feza ya masomo. Papa anajua. Anakasirika, lakini anajua." Wadogo zake wawili wako na pikipiki mjini. Mzee alikuwa anasikia. Akasema bila kugeuka: "Mi sikatae baende. Nakataa baende na mikono mitupu." Nilifikiri anasema juu ya pesa. Baadaye nikaelewa: anataka kwanza wajue kufunga, halafu waende watakako.

Hapo tukazungumza kama watu wa kazi. Sisi tunahitaji watu wa kuweka miti shimoni. Wao wanahitaji mikono wakati maji inashuka, na kitu cha kuwabakiza vijana. Tukapatana hivi, mbele ya wazee: wachimbaji sita watashuka kila maji ikipunguka, watafanya kazi ya miti na vikapu bila malipo, na watafundishwa. Sindikati italeta chakula, na mchango wa kusafirisha miti. Na sisi upande wetu tunadai kwenye kila shimo mtu wa miti ahesabiwe kwenye mgao, fungu kamili, si shukrani. PDG wawili wamekubali. Wengine wanasema watafikiri, na mmoja aliniuliza kama nataka kuwafanya wachimbaji wavuvi. Nikamwambia wavuvi wa pale wanarudi nyumbani jioni.

Sitaki kudanganya mtu: kazi ni ngumu, na wanaokuja mara ya kwanza wengi hawarudi mara ya pili. Kati ya sisi kumi na mmoja, wanne walisema mgongo umekataa. Kuna pia maneno ya wivu, wengine kijijini wanauliza kwa nini siri ya mababu wapewe watu wa Kabondo. Mzee aliwajibu kwamba siri isiyo na mtoto wa kuishika inabebwa na maji kama mti wowote. Wamenyamaza, hawajakubali.

Saa kumi ya jioni kikapu kilishushwa kwenye miti mipya. Kilitikisika, kikajaa maji, kamba zikalia, tukasimama wote tunatazama mafundo, hakuna aliyekuwa anawaza samaki. Asubuhi kijana akanipigia: mbenga mmoja na ngolo wawili. Mti wetu sisi wa watu tisa ulikuwa umeinama kidogo upande wa chini, mzee ameagiza tuje tuurudishe wenyewe.

Tunashuka Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili ya asubuhi. Anayetaka aje na panga yake na nguo ya kubadilisha. Pombe ibaki nyumbani, mawe yale yanateleza ya kutosha. Na mama anayeweza kuleta sufuria kubwa, atuambie mapema, ile ya safari iliyopita ilitoboka.