Mali bila Daftari

Katika Usambara ya Mashariki, chini ya Amani, pana mahali paitwapo Sigi. Zamani za Wadachi, ndio Wajerumani, reli ndogo itokayo Tengeni ilikoma hapo. Siku hizi gari la moshi halifiki tena, lakini watu wa pande hizo wana njia nyingi za kupata fedha. Mmoja huchuma chai katika mashamba makubwa ya milimani, naye hulipwa mwisho wa mwezi. Wa pili hulima iliki, pilipili manga na mdalasini. Fedha zake huja wakati wa mavuno, kisha hukatika. Wa tatu huuza ndizi kando ya njia, naye hupata kidogo kila siku.

Mapato yao hayafanani, lakini matumizi yao ni mamoja. Watoto hula kila siku. Sabuni, chumvi na mafuta huisha. Kalamu na madaftari ya shule hutakiwa. Na ugonjwa hauji kwa miadi. Basi kila nyumba ina kazi ya kuzigawa fedha zitoshe mpaka nyingine zije. Kazi hiyo ina vyombo vyake, kama vile ukulima ulivyo na jembe na panga. Tutazame vyombo hivyo, tupate kujua kipi kinamfaa nani.

Kwanza tujiulize, mwezi ni nini? Mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, ambayo sasa ni Lushoto, Wadachi waliwatolea Wasambaa kadi. Mwenye kadi alilazimishwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye, wakati wa Waingereza, wafanya kazi wa mashamba makubwa walikuwa na kipande, na kila siku ya kazi ilitiwa alama. Mtu alipotimiza siku 30 za kazi ndipo alipopata mshahara kamili. Akiugua siku kumi, mwezi wake ulirefuka kwa siku kumi, ingawa mwezi wa mbinguni ulikwisha kuandama. Hapo twajifunza neno kubwa: katika hesabu ya nyumba, mwezi hupimwa tangu fedha zilipoingia mpaka zitakapoingia tena. Kwa mchuma chai huenda zikawa siku 30. Kwa mwenye iliki huenda zikawa miezi sita.

Chombo cha kwanza ni daftari. Piga mistari upate safu nne: siku, fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na baki. Andika kila jioni, hata kama ni shilingi mia tano ya chumvi. Watu husema, “Mali bila daftari hupotea bila habari,” na maneno hayo ni kweli. Mtu asiyeandika huzikumbuka fedha nyingi alizonunulia bati, lakini husahau zile kidogo kidogo za kila siku, nazo ndizo zilizomla. Uzuri wa daftari ni kwamba bei yake ni ndogo, tena halidanganyi. Upungufu wake ni kwamba huonyesha tu. Haliwezi kuuzuia mkono.

Chombo cha pili huuzuia mkono, nacho ni makopo au bahasha. Tuseme nyumba moja imepata shilingi 150,000 za mwezi. Kabla ya kununua kitu chochote, mume na mke hukaa pamoja na kuzigawa hivi: chakula 75,000, sabuni na taa 15,000, shule 15,000, mbegu na majembe 15,000, ugonjwa 15,000, na akiba 15,000. Kila fungu hutiwa katika kopo lake. Kopo la sabuni likiisha, watu huona mara moja, wala hawana haja ya kujua kusoma. Kwa hiyo njia hii humfaa hata bibi ambaye hakwenda shule. Hatari yake ni mwizi, moto na panya, tena ni rahisi kukopa katika kopo la ugonjwa na kusahau kurudisha.

Mwenye iliki hana budi kuongeza hesabu moja. Tuseme ameuza mavuno yake kwa shilingi 600,000, na mavuno mengine yako mbali miezi sita. Atoe kwanza 120,000 za shamba na shule. Zilizobaki ni 480,000. Akizigawa kwa sita atapata 80,000 za kila mwezi. Asipofanya hivyo, atakula kama tajiri miezi miwili, na mwezi wa tatu mfanya biashara atamjia na fedha mkononi, amwambie, “Niuzie iliki yako ingali shambani.” Naye, kwa kuwa watoto wana njaa, atakubali bei ndogo. Hivyo mavuno yajayo huliwa kabla hayajaiva, na mwaka wa pili huanza kwa deni. Wengi waliomo katika deni la namna hii si wavivu. Walifanya kazi sana, lakini hawakugawa.

Chombo cha tatu ni sanduku la kikundi. Mwaka 1991 huko Maradi, katika nchi ya Niger, wanawake walianza kukusanyika kuweka akiba pamoja. Sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu mbalimbali. Njia hiyo ilienea Afrika, na kwetu vikundi vya namna hii watu wengi huviita VICOBA. Fedha zikiwa humo, mwenyewe hawezi kuzichukua usiku kwa tamaa, na mwanachama aweza kukopa kwa riba waliyopatana. Lakini sanduku hufaa tu pale watu wanapoaminiana, na hesabu inaposomwa mbele ya wote.

Chombo cha nne ni simu.  Kutuma na kuweka fedha kwa simu kulianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Fedha za simuni haziliwi na panya, tena kijana aliye Tanga aweza kumtumia mama yake mlimani kwa dakika moja. Lakini kutoa fedha kuna ada, na mwenye kutoa kidogo kidogo kila siku hulipa ada mara nyingi. Ada hiyo nayo iandikwe katika daftari. Namba ya siri asiambiwe mtu.

Je, kipi ni bora? Mchuma chai na atumie makopo siku ya mshahara. Mwenye iliki na agawe kwa miezi, kisha aweke mbali fedha za miezi ijayo, katika sanduku au simu. Muuza ndizi na atenge kwanza mtaji wa kesho, kisha atie kidogo katika kopo kila jioni, kwa maana haba na haba hujaza kibaba. Lakini wote watatu na wawe na daftari, na watu wa nyumbani walijue. Chombo kinachofahamiwa na baba peke yake hufa siku anapougua.

Ninyi wanafunzi mnajua kuandika na kujumlisha. Basi jioni ya leo muulizeni mama kama angependa mmwandikie.

Maswali

1. Kwa nini mwezi wa mwenye kipande uliweza kuwa mrefu kuliko siku 30?
2. Daftari hufanya nini, na makopo hufanya nini?
3. Mama ameuza pilipili manga kwa shilingi 300,000. Ametoa 60,000 za shamba. Zilizobaki ni za miezi minne. Atumie ngapi kila mwezi?