‘Hardly’ moja ilivyonipunguzia bei ya ufuta Diaca

NENO moja la Kiingereza lenye herufi sita lilinigharimu thamani ya magunia mawili ya ufuta. Neno lenyewe ni “hardly”, na niliandika mwenyewe, kwa kidole changu, nikiamini kwamba nimejieleza kisomi.

Ilikuwa msimu wa ufuta wa mwaka 2023. Nilikuwa na magunia 14 hapa Diaca, yaliyopepetwa na kuchekechwa mara mbili na akina mama watatu niliowalipa kwa kazi hiyo. Mnunuzi alikuwa Pemba, mji mkuu wa jimbo letu la Cabo Delgado (si kile kisiwa cha Zanzibar). Hakujua Kiswahili, na Kireno chake kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa, hivyo tukawa tunaandikiana ujumbe wa simu kwa Kiingereza.

Akaniuliza ufuta umesafishwa namna gani. Nilitaka kumwambia kwamba umesafishwa kwa bidii, kwa nguvu zote. Najua “hard” ni bidii. Najua pia kwamba ukitaka kueleza namna jambo lilivyofanyika, unaongeza “ly” mwishoni. Nikamwandikia: “The sesame is hardly cleaned.”

Msomaji unayekijua Kiingereza umeshacheka. Nilichomwambia yule bwana ni kwamba ufuta ule karibu haujasafishwa kabisa. Naye akanijibu kwa upole kwamba anashukuru kwa ukweli wangu, ila atapunguza bei ili agharimie kuusafisha upya. Nilidhani ananidhulumu. Nikalalamika, nikarudia neno lile lile kwa herufi kubwa, naye akazidi kunishukuru. Tulipokuja kuelewana, mzigo ulikuwa umeshafika na hesabu imeshafungwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwafundisha wenzangu Kiingereza kidogo ninachokijua, jioni mbili kwa wiki, chini ya mkorosho. Mimi si mwalimu. Nilisoma hadi kidato cha nne upande wa Tanzania, kwa ndugu zangu wa Masasi, na kazi yangu ni biashara. Hata hivyo wananiita mwalimu, na nimeacha kuwakatalia.

Kwa wasioifahamu, Diaca iko katika wilaya ya Mocimboa da Praia, kando ya barabara inayotoka pwani kwenda Mueda. Vita iliyoanzia Mocimboa Oktoba 2017 ilitufikia. Mimi nilikimbia na familia mwaka 2020, mwaka ambao mji wa Mocimboa uliangukia mikononi mwa wapiganaji, na nikarudi mwishoni mwa 2022. Wanafunzi wangu wengi ni watu wa aina hiyo hiyo, waliorudi na kukuta nyumba haina paa. Wapo vijana ambao miaka waliyopaswa kuanza Kiingereza shuleni waliimaliza kambini.

Mtu anaweza kuuliza, Kiingereza cha nini huku Msumbiji? Nyumbani tunasema Kimakonde, wa pwani wanasema Kimwani, ofisini ni Kireno, sokoni ni Kiswahili. Askari wa Rwanda waliokuja Julai 2021, baadhi yao huzungumza nasi Kiswahili bila shida.

Lakini wanunuzi wakubwa wa ufuta na korosho wengi ni wageni, na lugha yao ya bei ni Kiingereza. Anayevuka Daraja la Umoja pale Negomano, lililofunguliwa mwaka 2010, anakutana na karatasi za Kiingereza upande wa Mtambaswala. Na kijana anayetafuta kazi kwenye mradi wa gesi kule Afungi, ambao ulisimama Aprili 2021 baada ya shambulio la Palma, anajua kwamba ataulizwa maswali kwa lugha hiyo.

Sasa turudi kwenye “hardly”. Kosa langu lilikuwa la kuchagua kati ya kivumishi na kielezi, yaani kati ya neno linaloeleza kitu na neno linaloeleza tendo. Nilipoanza kuwafundisha wenzangu niligundua kwamba tofauti hiyo wanaijua tayari, tena tangu utotoni. Hawajui tu kwamba wanaijua.

Chukua “mtoto mzuri” na “mtoto anasoma vizuri”. Badilisha mtoto awe watoto. La kwanza linakuwa “watoto wazuri”, limebadilika kichwa ili lifuate jina. La pili linabaki “watoto wanasoma vizuri”. Halimfuati mtoto, linafuata kusoma. Linalobadilika ni kivumishi, nalo kwa Kiingereza ni “good”. Lisilobadilika ni kielezi, nalo ni “well”.

Ikumbukwe kwamba “vi” peke yake haitoshi. Mama mmoja anayeuza viatu vya mitumba aliniandikia “well shoes”, kwa kuwa viatu ni “vizuri”. Nikamwambia, mama, sema kiatu kimoja. Akasema “kizuri”. Limebadilika, kwa hiyo ni “good”. Alicheka, akasema siku zote alidhani Kiingereza ni kigumu kwa sababu ya Waingereza, kumbe ni kwa sababu ya viatu.

Maneno yetu kama “salama”, “safi” na “haraka” hayabadiliki popote, na hapo kipimo hiki kinakwama. Bahati nzuri sisi wa upande huu tuna Kireno. Mreno akitaka kueleza tendo huongeza “mente”: “claro” inakuwa “claramente”, na kwa Kiingereza “clear” inakuwa “clearly”. “Fácil” inakuwa “facilmente”, na “easy” inakuwa “easily”. Penye “mente”, mara nyingi Kiingereza kina “ly”. Na “bom” na “bem” ni ndugu wa “good” na “well” kabisa.

Nilisoma mahali kwamba “mente” ya Mreno ilitoka katika neno la Kilatini lenye maana ya akili, na “ly” ya Mwingereza ilitoka katika neno la kale lenye maana ya mwili. Mmoja anatenda kwa akili, mwingine kwa mwili. Sisi tukaweka “vi”. Wanafunzi hawakuliona hilo kuwa na faida yoyote sokoni, nikaliacha.

Kuna jambo moja ambalo Kiswahili na Kireno vyote viwili vinakudanganya, tena kwa sauti moja. Hapa ndipo wanafunzi wangu huanguka, hata wale wepesi.

Mama mmoja hununua samaki wakavu Mocimboa na kuwauza hapa na Mueda. Alitaka kumjibu mteja mgeni aliyeuliza kama samaki wananuka vibaya. Kwa Kiswahili tunasema wananuka “vibaya”. Kwa Kireno ni “cheira mal”. Lugha zote mbili zinaweka kielezi. Kwa hiyo akaandika kwamba samaki wake “do not smell badly”. Kwa Kiingereza sahihi ni “bad”. Aliyoyaandika yanaweza kumfanya mteja afikirie uwezo wa pua ya samaki.

“Mwanangu, umetufundisha vibaya ni ‘badly’, leo unakana?” akaniuliza.

Nilikuwa na haya ya kusema sijui, maana kweli sikujua. Kitabu changu cha zamani kinasema tu kwamba baada ya “smell”, “look”, “feel”, “taste” na “sound” weka kivumishi. Hakisemi kwa nini. Na kuna siku nyingine maneno hayo hayo yanachukua kielezi. Nililala nalo siku tatu.

Jibu nililipata kwa mama yule yule, alipomkaripia mjukuu wake, “Usinuse samaki wa watu!” Kunusa. Samaki ananuka, mtoto ananusa. Kiswahili kina maneno mawili mahali ambapo Mwingereza ana moja tu, “smell”.

Ukinusa, unafanya kazi. Unaweza kunusa haraka, au kwa uangalifu. Hiyo kazi inataka kielezi: “She smelled the fish carefully.” Lakini kinachonuka hakifanyi kazi yoyote. Kimelala juu ya jamvi, na hali yake ndiyo inayokufikia. Hapo Mwingereza anaeleza kitu chenyewe, hivyo anaweka kivumishi: “The fish smells bad.”

Nikaanza kuyatafuta mengine. “Look” ni kutazama, na pia ni kuonekana. Mnunuzi anatazama korosho kwa makini, “He looks carefully.” Korosho zinaonekana nzuri, “The nuts look good.” “Feel” ni kupapasa, na pia ni kujisikia. Alilipapasa gunia taratibu, kielezi. Anajisikia vibaya, “She feels bad.” Dereva wetu mmoja akaongeza la kwake bila kuulizwa: injini inasikika vibaya, “The engine sounds bad.” “Taste” inafuata njia hiyo hiyo, kuonja kwa upande mmoja na kuwa na ladha kwa upande wa pili. Kwenye ladha Kiswahili chenyewe kinasema “ladha nzuri”, hakikudanganyi.

Mwenye mashaka aweke “is” mahali pa tendo. “The fish is bad” inaleta maana ile ile, basi kivumishi kimekaa mahali pake. “He is carefully” haileti maana yoyote, basi pale palikuwa na kazi inayofanywa. Kipimo hiki kimewasaidia hata wasiopenda maelezo marefu, na ukweli ni kwamba wengi hawayapendi. Wametoka shamba, wamechoka, wanataka sentensi ya kesho.

Wajuzi watanisahihisha kwamba mtu husema “I feel well”. Kweli, husema, kwa sababu “well” ina kazi ya pili ya kueleza afya. Hiyo nimewaachia wajue kama jina la mtu, bila sababu.

Kuhusu mahali pa kuliweka neno sitasema mengi. Kwa Kireno husemwa “fala bem inglês”, na Kiswahili hakimkatazi mtu kusema anazungumza vizuri Kiingereza. Mwingereza hataki kitu kikae kati ya tendo na kile kinachotendwa. Ni “She speaks English well”. Aidha, kivumishi chake hakina wingi. Magunia mazito ni “heavy bags”, hata yakiwa elfu. Hilo wanalielewa siku moja na kulisahau siku tatu.

Lililobaki ni kundi dogo la maneno lililonipunguzia mimi bei. “Hard” ni kivumishi na ni kielezi, halihitaji mkia. Ukiliwekea mkia linakuwa neno jingine, lenye maana ya “kwa shida, karibu hapana”. “Late” ni hivyo hivyo. Lori lililochelewa “came late”. Ukiandika “lately”, umesema siku hizi za karibuni. “Near” ni karibu, lakini “nearly” ni kunusurika kufika, hivyo mwenye “nearly 20 bags” hana 20. “Fast” haina mkia kabisa. Na “friendly” na “daily” zina mkia lakini zinaeleza vitu: bei ya kila siku ni “daily price”.

Kundi hilo halina kanuni inayolibeba, na nimewaambia waziwazi kwamba hapo ni kukariri. Nimeyaandika kwa mkaa kwenye ubao wa mlango wa zamani, mlango ambao ndio pekee uliosalia wa nyumba ya jirani yangu. Ameniruhusu niutumie hadi atakapomaliza kuta.

Mwaka jana kijana mmoja wa darasa letu aliitwa kwenye usaili wa kazi ya ulinzi wa ghala. Alikuwa ameandaa sentensi yake ya kujisifu, na siku mbili kabla akaja kunisomea. Alikuwa ameandika “I work hardly and I arrive lately.” Alikusudia kusema anafanya kazi kwa bidii hata akichelewa kutoka. Ile sehemu ya pili hata mkia ukiukata bado inamsema vibaya, kwa hiyo tuliifuta yote. Ikabaki “I work hard.” Maneno matatu. Aliona ni machache mno kwa mtu anayeomba kazi, akataka tuongeze hata “very”. Tukaongeza. Hakuipata kazi ile, walichukua mtu mwenye leseni ya udereva, lakini sentensi yake anayo na ameshaitumia mahali pengine.

Nami nilimuuzia ufuta yule yule bwana wa Pemba msimu uliofuata. Safari hii magunia yalikuwa 9, kwa sababu mvua haikutupenda. Kabla sijaandika lolote kuhusu usafi, ujumbe wake ukaingia, neno moja na alama ya kuuliza: “Hardly?”

Nikamjibu: “Well.”

Alilipa bei kamili kwa magunia 8. La 9 lililowana njiani, na hilo nilimweleza kwa simu.