La Vie est belle: namna boyi anamushinda patron

Bandugu, tuongee kidogo juu ya La Vie est belle, filme ya 1987 ya Mweze Ngangura, mutoto wa Bukavu, na Mbelgiji Benoît Lamy. Kourou anatoka kijijini, anafika Kinshasa bila makuta, anakuwa boyi kwa patron Nvouandou. Anamupenda Kabibi. Lakini patron naye anamutaka awe bibi wa pili: nguvu za kiume zimemupotea, na nganga amemuambia aoe kijana, ila asimuguse siku 30.

Zile siku 30 ndizo zinamupa masikini nafasi. Mahari, patron anaweza kuilipa yote. Kourou ana sauti tu. Na Kinshasa ya wakati ule, muziki uliweza kumupandisha mutu bila diplome (siye wenye nazo tucheke tu). Papa Wemba, anayecheza Kourou, aliijua ile njia: Zaiko Langa Langa tangu 1969, kisha Viva La Musica yake mwaka 1977. Staa mukubwa anacheza mutu asiyejulikana!

Kijana wa Mangobo anayependa binti wa Makiso atamuelewa Kourou haraka. Mimi ninamutazama zaidi Kabibi: wengine wanapatana juu yake mbele ya kumuuliza.