Utangulizi wa Picha Zinazocheza Katika Tovuti ya Chama: Je, Unafaa?

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Miongoni mwa kazi za mkaguzi ni kupitia hati za malipo moja baada ya nyingine, na kuuliza juu ya kila moja swali lile lile: fedha hii ya mwanachama imemrudishia nini mwanachama? Katika msimu uliopita, nilipokuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa, ambacho sitakitaja, nilikuta hati iliyoandikwa "utangulizi wa tovuti". Kiasi kilicholipwa kilizidi gharama ya sehemu nyingine zote za tovuti hiyo zikijumlishwa pamoja. Nikamwomba Ndugu Meneja anionyeshe kitu kilichonunuliwa.

Tulikaa barazani, yeye akiwa ameishika simu yake. Kwanza kioo kilikuwa cheusi, na duara dogo likizunguka katikati. Tukangoja. Kisha tai akaruka juu ya mlima, ngoma zikalia, na jina la chama likajitokeza herufi moja moja kwa rangi ya dhahabu. Ndugu Mwenyekiti alitabasamu, na kwa haki ilikuwa kazi ya fundi hodari. Mzee mmoja mwanachama, aliyekuwa amekuja kuulizia malipo ya pili, alitazama mpaka mwisho, akauliza kwa upole: "Sasa, Bwana Mkaguzi, bei iko wapi?"

Bei haikuwako. Hata namba ya simu ya chama ilikuwa imepita ndani ya picha zile, ikatoweka kabla hatujawahi kuiandika. Swali la mzee huyo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, kwa kuwa vyama vingi sasa vinafungua tovuti, na mafundi wanaviuzia utangulizi wa namna hiyo kama kwamba tovuti bila huo si tovuti.

Asili ya jambo hili

Yafaa kwanza tufahamu kwamba jambo hili si jipya. Ukurasa wa kwanza wa tovuti duniani uliwekwa na Tim Berners-Lee mwaka 1991 katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ulikuwa maandishi matupu, yenye viungo vya kumpeleka msomaji kwenye kurasa nyingine. Haukuwa na picha wala muziki.

Mwishoni mwa mwaka 1996 kampuni ya Macromedia ya Marekani ilinunua programu ndogo ya kuchorea picha zinazocheza, ikaiita Flash. Kwa programu hiyo, fundi aliweza kutengeneza picha za mwendo na sauti zilizoweza kupita katika nyaya za simu za wakati ule. Haikupita miaka mingi, makampuni makubwa na madogo yakaweka mbele ya tovuti zao tamasha fupi: nembo inayozunguka, maneno yanayoruka, na muziki ambao mgeni hakuuomba. Pembeni palikuwa na kitufe kidogo cha kumruhusu mgeni auruke utangulizi huo aingie ndani.

Kitufe hicho peke yake kilitosha kuwa ushahidi. Je, tumepata kuona duka ambalo mlangoni pake pana ngoma, na karibu na ngoma pana kibao cha kumwelekeza mteja njia ya kuikwepa? Mwenye duka akiona haja ya kibao hicho, amekwisha kukiri kwamba ngoma inawazuia wateja.

Waliotutangulia walijifunza nini

Mnamo Oktoba 2000, Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kideni aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alitoa makala ambayo kichwa chake kilidai kuwa Flash ni mbaya kwa asilimia 99. Hoja yake ilikuwa kwamba programu hiyo iliwatia watengenezaji hamu ya kupamba mahali ambapo mgeni alitaka habari, na kwamba ilimnyang'anya mgeni uwezo wa kuitawala safari yake mwenyewe.

Mfano mashuhuri wa nyakati hizo ni Boo.com, kampuni ya London iliyouza mavazi kwa njia ya mtandao. Ilifungua milango yake Novemba 1999 ikiwa na tovuti yenye picha za kugeuzageuza bidhaa na msichana wa kuchorwa aliyewakaribisha wateja. Wateja wengi wakati huo walitumia modemu za simu, na kurasa zile ziliwachosha kwa kungoja. Mwezi Mei 2000 kampuni ikafungwa, ikiwa imetumia dola za Marekani zipatazo milioni 135. Haitakuwa haki kusema kwamba picha pekee ndizo zilizoiua, kwani matumizi yake yalikuwa makubwa kila upande. Hata hivyo, mlango mzito ulikuwa mmoja wa mizigo iliyoielemea.

Jambo la tatu la kujifunza ni la uhai wa kitu kinachonunuliwa. Kampuni ya Apple ilipotoa simu yake ya iPhone mwaka 2007, simu hiyo haikuweza kuonyesha Flash, na baadaye haikuruhusiwa kamwe. Kampuni ya Adobe, iliyokuwa imeinunua Macromedia mwaka 2005, ilitangaza Julai 2017 kwamba itaiacha programu hiyo. Iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isionyeshe picha kabisa. Basi kila aliyekuwa amelipia utangulizi wa Flash akabaki na hati ya malipo tu. Lakini nakala ya ule ukurasa wa maandishi matupu wa CERN inasomeka hadi leo.

Ni kweli kwamba siku hizi tamasha hizo hutengenezwa kwa njia nyingine, hasa filamu fupi inayoanza yenyewe mara ukurasa unapofunguliwa. Chombo kimebadilika, kasoro yake haikubadilika.

Hesabu ya gharama

Viongozi huhesabu malipo ya fundi, wakasahau gharama ya pili, ambayo haiandikwi katika vitabu vya chama kwa sababu inatoka mfukoni mwa msomaji. Tuifanye hesabu hiyo kwa mfano.

Zamani modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikifanya kazi bila dosari, ilileta kilobaiti 7 tu kwa sekunde, kwa kuwa baiti moja ni biti 8. Utangulizi wa kilobaiti 700 ulihitaji sekunde 100 kufika. Leo njia ni pana zaidi, lakini na mizigo imenenepa. Tuseme filamu ya utangulizi ina megabaiti 15, na mwanachama yuko mahali ambapo simu yake inapata megabiti 2 kwa sekunde. Megabaiti 15 ni sawa na megabiti 120. Ukigawanya kwa 2 unapata sekunde 60. Mwanachama atangoja dakika nzima ili amwone tai.

Tena, tuseme wanachama 400 wanaifungua tovuti mara moja kwa juma, na simu zao hazikuihifadhi filamu ile. Mara 400 kwa megabaiti 15 ni megabaiti 6,000, yaani kiasi cha gigabaiti 6 kila juma, zinazokatwa katika vifurushi walivyonunua kwa fedha yao. Mwanachama amelipa mara mbili: kwanza kwa makato ya kilo zake za kahawa, yaliyomlipa fundi, pili kwa kifurushi chake, ili akione alichokwisha kukilipia.

Kampuni ya Google, ambayo wengi huitumia kutafuta habari, inashauri kwamba sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Isitoshe, maneno yaliyochorwa ndani ya filamu hayasomwi na mashine za kutafutia kama yasomwavyo maandishi ya kawaida. Mnunuzi wa ng'ambo anayetafuta kahawa ya wilaya yenu huenda asiwapate, ingawa jina la wilaya limepita kiooni kwa rangi ya dhahabu.

Wako pia wanachama wenye ulemavu. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Picha tupu haimsomei kitu, na muziki unaoanza wenyewe huifunika sauti ile. Miongozo ya shirika la kimataifa linalosimamia viwango vya tovuti, W3C, iliyotolewa mwaka 2008, inataka kwamba mwendo wowote unaoanza wenyewe pamoja na habari nyingine na kudumu zaidi ya sekunde 5 uwe na njia ya kuusimamisha. Inakataza pia kumulika zaidi ya mara tatu katika sekunde moja, kwa kuwa mimuliko hiyo inaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa.

Hoja za wanaoutetea

Si haki kuhukumu bila kusikiliza upande wa pili. Ndugu Mwenyekiti niliyemtaja alinieleza mambo mawili. La kwanza, kwamba tovuti ni sura ya chama, na chama chenye sura nzuri huheshimiwa. La pili, kwamba mnunuzi wa nje hajafika kwetu, na picha humwonyesha mlima, mashamba na watu.

Hoja ya kwanza ni ya kweli kwa nusu. Heshima ya chama kwa mnunuzi hutokana na mzigo kufika kwa wakati, daraja la kahawa kuwa lile lililoandikwa katika mkataba, na barua kujibiwa. Mgeni anayetafuta namba ya simu akapewa tai, hatawaheshimu kwa sababu ya tai. Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami naikubali. Lakini picha za mnato zilizopigwa vizuri, zikawekwa chini ya habari muhimu, humwonyesha mnunuzi mashamba yale yale bila kumfungia njia.

Mahali ambapo mwendo unafaa

Sipingi picha za mwendo kwa ujumla. Mwendo unafaa pale ambapo jambo lenyewe ni la mwendo. Filamu ya dakika mbili inayomwonyesha mkulima jinsi ya kuchambua kahawa mbivu, au jinsi ya kuigeuza juu ya vichanja ili ikauke sawasawa, hufundisha kuliko maneno mengi. Mnunuzi naye akitaka kuona jinsi mnavyoitunza, itamfaa. Sharti ni tatu: ikae ndani na si mlangoni, ianze pale tu msomaji anapoibonyeza, na uzito wake uandikwe pembeni, ili mwenye kifurushi kidogo aamue mwenyewe. Halikadhalika, mtu ambaye biashara yake ni kutengeneza filamu ana haki ya kuitandaza bidhaa yake mlangoni. Bidhaa yetu sisi ni kahawa.

Maswali kabla ya kulipa

Nashauri kila Bodi ijiulize maswali haya kabla ya kutia sahihi mkataba wa tovuti:

1. Je, gharama hii imo katika makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, au tumeitoa katika fungu la jambo lingine?

2. Mwanachama akifungua ukurasa wa kwanza kwa simu ya bei nafuu, je, ataona bei, tarehe ya kukusanya mazao na taarifa ya malipo bila kungoja?

3. Je, mnunuzi ataona simu, anwani, aina na madaraja ya mazao yetu kwa maandishi anayoweza kuyanakili?

4. Fundi huyu akiondoka, je, karani wetu ataweza kubadilisha bei mwenyewe, au tutamwita fundi kila juma kwa malipo?

5. Tukiondoa kipande hiki, je, ni nani atakayekosa kitu? Kama jibu ni viongozi peke yao, kisinunuliwe.

Jaribio lake ni rahisi. Mpeni mwanachama ambaye hakushiriki katika kazi hiyo simu yake mwenyewe, mahali penye mtandao wa kawaida, mumwambie atafute bei ya leo. Msimsaidie. Hesabuni sekunde.

Hitimisho

Katika chama nilichokitaja, niliandika hoja ya ukaguzi, kwa kuwa malipo yale hayakuwamo katika makisio. Bodi iliijibu kwa uungwana, na jambo lilipelekwa mbele ya wanachama. Walichoamua ni kwamba utangulizi uondolewe, na mahali pake pakae jina la chama, namba ya simu, bei na tarehe ya bei hiyo. Fedha iliyolipwa haikurudi. Tai alibakizwa kama picha ndogo ya mnato juu ya ukurasa, kwa sababu wanachama walisema ni mzuri, nami sikuona sababu ya kumfukuza.

Ndugu viongozi, tovuti ni meza ya chama iliyowekwa barabarani. Mpita njia akisimama, anataka kujua mnauza nini, kwa bei gani, na amwone nani. Mjibuni kwanza. Akipata majibu yake na akawa na nafasi, mwonyesheni mlima.